Sista Mara Ngapi na Mgonjwa Asiyepatikana

Tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Sista wetu wa kliniki ya tumbo atarudisha funguo za kabati la dawa baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Miezi minne hiyo ameisisitiza mwenyewe. Anasema aliitumikia kwa kusimama, maana kliniki haikuwa na kiti cha muuguzi.

Alianzia wodi ya watoto, akahamia upasuaji, kisha akaletwa kliniki ya tumbo kwa wiki mbili tu, kumshikia zamu mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mtoto aliyezaliwa sasa ni fundi umeme na ana watoto wake wawili. Wiki mbili za Sista bado hazijaisha.

Hapa kazini ni wachache wanaomwita kwa jina lake. Ni Sista Mara Ngapi, kwa sababu hilo ndilo swali lake la kwanza kwa kila mgonjwa: umekwenda choo mara ngapi tangu jana? Salamu hufuata baadaye, muda ukiruhusu. Wagonjwa wa zamani hutaja idadi wakiwa bado mlangoni. Hata mganga mkuu, siku aliyorudi likizo, alijikuta ameshajibu mbili kabla ya kukumbuka kwamba yeye ndiye bosi. Kila mgonjwa hupewa daftari la shule la kuandika safari zake za choo, kama kuna damu, na alikula nini. Anayelipoteza hupewa jingine pamoja na maneno ambayo hayafai kuchapishwa hapa.

Wengi watamkumbuka kwa utumbo mpana alioushona kwa mabaki ya mapazia ya wodi, urefu wa mita moja na nusu, na bitana laini ndani. Akiugeuza, mgonjwa anaona viraka vyekundu vilivyotuna. Hiyo ndiyo kolaitisi, huwaeleza: ukuta wa ndani wa utumbo umevimba, ukichubuka unatoa damu na kamasi, na maji yaliyopaswa kufyonzwa yanapita bila kubisha hodi. Chanzo si kimoja. Kuna vijidudu, kuna utumbo kukosa damu ya kutosha, na kuna kinga ya mwili kuushambulia utumbo wa mwenyewe, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba. Pilipili inaweza kuuchokoza utumbo unaoumwa, lakini si yenyewe iliyoleta ugonjwa, na mama mkwe hahusiki kabisa. Siku moja ya ukaguzi mhudumu wa usafi aliukuta utumbo huo wa mapazia mezani, akaulaza chini ya mlango kuzuia vumbi. Wakaguzi watano waliuruka mmoja mmoja bila kuuliza, na kwenye ripoti wakausifu mlango.

Sasa tuje kwenye kisa cha mgonjwa asiyepatikana. Kinamhusu karani wa masjala, ambaye tutamwita Karani tu ili kumsitiri, ingawa masjala yetu ina watu wawili na yule mwingine ni mama mjamzito.

Karani alianza kukimbilia choo mara sita, mara nane kwa siku, tumbo likimsokota, na akaona damu. Akajiambia ni amiba. Akanunua vidonge dukani, akavimaliza, akanunua vingine, mara tatu nzima. Kwenda kwa Sista hakutaka hata kusikia. Yeye ndiye aliyekuwa akiita wagonjwa kwenye lile benchi, na aliona bora afe kuliko kukaa hapo akiulizwa habari za choo mbele ya watu aliowafungulia mafaili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Karani aliona wahenga hawakuwa na masjala.

Basi akafungua faili la mtu asiyekuwepo: mwanamume, mkulima, umri wa miaka arobaini na moja, kijiji alichokibuni mwenyewe. Akabandika namba ya faili hilo kwenye kopo lake la sampuli ya choo na kulichomeka kati ya makopo mengine ya maabara. Majibu yakatoka kesho yake: amiba hakuna, damu na usaha tele. Sista alipoyasoma alilipiga faili mstari mwekundu, akaagiza mkulima huyo atafutwe haraka kabla hajaanguka. Na kazi ya kutafuta wagonjwa waliopotea ilikuwa ya nani? Ya Karani.

Kwa wiki mbili Karani alijitafuta kwa bidii. Asubuhi aliripoti kwamba simu haipatikani, mchana kwamba majirani wanasema amesafiri. Sista hakutulia. Alimtuma dereva kijijini siku ya Jumamosi, na dereva akarudi jioni amechoka, akiapa kwamba kijiji hicho hakipo. Wakati huo mkanda wa Karani ulikuwa umetobolewa tundu la tatu, na ngazi za ghorofa moja zilimtoa jasho.

Kilichomponza ni kwamba kila Sista alipokwenda masjala kuuliza habari za mkulima, kiti kilikuwa kitupu. Mtu mwingine angelalamika. Sista akahesabu. Kufikia saa saba mchana alikuwa ameandika safari sita. Akaja na daftari jipya, lenye namba ya mkulima juu ya jalada, akaliweka mbele ya Karani na kumuuliza swali lake. Karani akajibu nane, jana tisa, kisha akalia. Sista alimshika mkono hadi kwa daktari, akabaki naye wakati wa kamera ya utumbo. Ilikuwa kolaitisi ya vidonda. Daktari alisema wangechelewa kidogo, utumbo ungeweza kutoboka. Ugonjwa huu hutulizwa kwa dawa za kila siku, na Karani, aliyewahi kuziacha kwa kujiona mzima, alikumbushwa hivyo na Sista kwa sauti iliyofika jikoni.

Uongozi ulipomuuliza Sista anataka zawadi gani, alikataa saa ya ukutani na seti ya vikombe. Akasema anataka Karani aandike wasifu huu, na aandike ukweli, kwa kuwa kuna wengine humu kazini wanaoficha.

Karani ni mimi. Nina kolaitisi, mwaka wa saba sasa. Mke wangu atalisoma jarida hili la hospitali, na wakwe zangu pia, lakini nimeshaandika.

Asante, Sista, kwa kunitafuta nilipokuwa najificha. Tunakuombea miaka mingi ya afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wenye matumbo mazuri. Sisi wa ugonjwa huu tunapoingia ukumbini huchagua viti vya karibu na mlango. Siku ya kukuaga nitakaa safu ya mbele.