Sauti ya Wegesa Iliyobaki Kazini

Wazee wetu shikamooni. Mchungaji, wakwe zetu mliotoka Serengeti, majirani wa Nkende na nyote mliofika, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Wegesa Magige, na kwa kuwa wengi wenu mlimsikia kila asubuhi mkaona mnamjua, naomba mtulie, maana yapo msiyoyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Julai 1979 katika kata ya Nyanungu, wilaya ya Tarime, wakati wa kuvuna ulezi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Magige Nyangwine, ambaye ametangulia, na Mama Gati, ambaye yuko nasi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Tarime kuanzia 1994 hadi 1997, na huko kote alijulikana kwa mdomo, kwani darasa likipiga kelele jina lake ndilo lililoandikwa kwanza, hata siku ambazo hakuwepo.

Mwaka 1999 alianza kuuza vitenge sokoni Tarime, akiwaita wateja wakiwa bado ng'ambo ya barabara, na ni sauti hiyohiyo iliyomfikisha Redio Umande, hapa Nkende, mwezi Machi 2008, akapewa kusoma utabiri wa hali ya hewa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliusoma kama wataalamu walivyouleta, hakupunguza neno, ila kabla ya kuanza aliwaamkia wazee wa kwao Nyanungu, na akimaliza aliongeza la kwake, kwamba leo udaga wa muhogo usianikwe, au wenye ng'ombe wasivuke mto maana huko juu kumenyesha, na watu walimtii kuliko walivyomtii mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti atanisamehe.

Alikuwa tayari mke wa mtu, kwani tarehe 18 Septemba 2004, baada ya ng'ombe kufika Nyanungu na wazee kuridhika, alifunga ndoa kanisani Mugumu na ndugu yetu Nikodemo, fundi pikipiki, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa akisema kwamba nyumbani kwake maneno yapo ya kutosha. Mungu akawajalia watoto watatu, Ester, Felix na Precious.

Mwezi Agosti 2023 sauti yake ilianza kukwaruza, tukamtania kwamba imechakaa kwa kazi, akanywa tangawizi, haikusaidia, akatibiwa hapa Tarime na baadaye akapelekwa Mwanza, ambako madaktari waliona saratani kooni, wakasema ili aishi lazima kisanduku cha sauti kitolewe. Redio ikamwomba, kabla ya upasuaji, asome sentensi nyingi zirekodiwe, ili kompyuta ijifunze sauti yake na isome utabiri badala yake, naye akakubali kwa moyo mweupe. Meneja wake, ndugu Daudi, alitaka wasikilizaji waambiwe, lakini Wegesa alikataa katakata, akasema watu wa kwao wakijua ni mashine wataicheka huku wanavuka mto, na atakayesombwa damu yake itakuwa juu yake yeye Wegesa. Alitukataza pia tusimwambie lolote mama, ambaye presha yake mnaijua. Alifanyiwa upasuaji tarehe 20 Februari 2024, na tangu siku hiyo hakuongea tena.

Mashine ilisoma vizuri, tusiidhulumu, hata shikamoo ya wazee iliitoa kila asubuhi, isipokuwa lile la kwake la mwisho ndilo halikuwepo. Lakini nani aende kumjulia hali mtu aliyemsikia asubuhi akitangaza mvua kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri? Waliompigia simu hakupokea, maana angepokea aseme kwa sauti ipi, wakaanza kusema Wegesa siku hizi anaringa, redioni anaongea, simu ya ndugu hashiki. Naye alikuwa kibarazani anaangalia njia, na jioni alimwandikia mumewe kwenye simu kumuuliza kama kuna mtu wa Nyanungu aliyefika. Inatuuma, na itaendelea kutuuma.

Mwezi Aprili 2025 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na mwanzoni mwa Mei akaandika kwamba sasa mama aambiwe, aje. Utabiri ulisema mvua kubwa hadi mwisho wa wiki, ulisema hivyo kwa sauti yake mwenyewe, nasi tukatii kama tulivyozoea, tukasubiri barabara ikauke ndipo tumfuate mama. Siku ya Jumatano, tarehe 7 Mei 2025, saa kumi alfajiri, akafariki, mama hajafika.

Tulipofika Nyanungu asubuhi hiyo tulimkuta Mama Gati na redio yake mapajani, akatukatalia, akasema tumepotea nyumba, mwanawe amemwamkia sasa hivi naye ameitika marahaba kama kila siku. Tulipomweleza yote hakulia kwanza, aliuliza tu kwamba muda wote huo alikuwa anamwitikia nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime na Mwanza, majirani wa Nkende mliompikia uji aliouweza, na wafanyakazi wa Redio Umande, ambao kwa ombi la mama mmeizima sauti ile, na leo asubuhi utabiri umesomwa na ndugu yetu Ezra, akikwama na kurudia, nasi tunamshukuru kwa kila alipokwama. Watu wa Nyanungu, hatuwalaumu, mlimsikia mkaamini ni mzima, na hivyo ndivyo alivyotaka, ingawa sidhani kama alijua itamgharimu nini.

Wegesa, watu wa kwenu wamefika, njia ilikuwa matope matupu na wamefika hivyohivyo. Mama yako ameketi hapa karibu yako tangu asubuhi, sasa anajua anamwitikia nani, na shikamoo zako zote amekuja kuziitika mwenyewe, marahaba mwanangu, marahaba. Pumzika kwa amani.