Namba Moja Iliyoachwa Wazi

Ndugu zangu mliokuja kutusitiri, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi pikipiki, shule sikufika mbali, kwa hiyo nitasoma mambo yalivyo bila kuyapaka mafuta.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita. Alianza shule Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1975, akahitimu ukunga tarehe 4 Desemba 1978 na kupangiwa wodi ya wazazi, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 16 Agosti 1980 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wanne. Naona watu wanageukiana hapo mbele, maana karatasi niliyopewa jana na wazee imeandika watatu, na baba mkubwa akaniambia, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele, soma watatu," nikamjibu kwa adabu niliyonayo, ambayo si nyingi, kwamba nitasoma alivyoagiza dada mwenyewe.

Huyo anayeachwa ndiye wa kwanza, binti, alizaliwa njiti tarehe 2 Juni 1981, wodini kwa mama yake, akaishi dakika arobaini mikononi mwa shemeji, hakupimwa uzito, na kwa kuwa daftari la wodi liliandika waliofika kwenye mizani tu, hakuandikwa popote.

Mwaka 1996 walikuja watafiti kutafuta kwa nini watoto huzaliwa kabla ya wakati, daftari likaonyesha njiti wachache, wakubwa wakapongezana, ndipo dada akasimama kikaoni akasema hesabu ile ni ya uongo, kwani huwezi kutafuta kilichomuua mtu ambaye hujakubali kwamba alizaliwa. Kwa kuwavua nguo mbele ya wageni, alihamishiwa stoo kuhesabu mashuka miezi saba. Hakununa, kila Jumamosi alitembea nyumba kwa nyumba na daftari lake la shule, akiwauliza kina mama mimba ilifika wiki ngapi, waliugua nini, walibeba mizigo gani, mpaka akabandikwa jina la Mama Wiki Ngapi, na hata mimi, kwa kitambi hiki, nimeshaulizwa.

Humo daftarini yakaonekana majina mia mbili na kumi na mawili ya watoto ambayo wodi haikuyajua, na akina mama wengi walikuwa na malaria, upungufu wa damu au maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa. Watafiti walirudi, dada akarudishwa wodini, kliniki ikaanza kupima mapema, na tangu Januari 1998 kila mtoto anaandikwa, hata aliyepumua mara moja.

Aliugua figo kuanzia Februari 2023, akafariki tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla aliniitisha lile daftari, ambalo huanzia namba mbili, nasi miaka yote tulidhani alikosea, akanipa kalamu akasema, "Mimi mkono unatetemeka, mwandike binti yangu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumwogesha, na wakunga wenzake, wakiwemo waliomcheka zamani na leo wamebeba jeneza.

Dada, namba moja nimeijaza, kwa mwandiko wangu mbaya lakini kwa wino, watoto wako ni wanne na umati huu umesikia. Pumzikeni kwa amani, wewe na mwanao.