Miaka Thelathini na Mmoja Nyuma ya Pikapu

Wafanyakazi wote mnatangaziwa rasmi, na mnaombwa mlipokee jambo hili kwa utulivu: kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, redio ya karakana itaruhusiwa kubadilishwa stesheni. Uongozi umejiridhisha kwamba kizuizi kimeondoka. Kizuizi chenyewe, yaani fundi wetu wa springi, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya kuitumikia kampuni hii ya kuchimba visima kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko mtu yeyote hapa. Wapo waliopendekeza aandike mtu anayejua kuandika, lakini hakupatikana. Basi nikaomba jalada lake. Limejaa pongezi, na katikati ya pongezi hizo ipo barua moja ya onyo. Barua hiyo ndiyo inayomnyima Cheti cha Utumishi Uliotukuka, maana cheti hicho hupewa yule ambaye hajawahi kuonywa. Tutaifikia. Kwanza tumseme kwa mema, tena akiwa hai anasikia.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Bwana Mkia, na jina hilo hakujipa. Mafundi wengine gari likiingia hukimbilia boneti. Yeye huzunguka nyuma, akachuchumaa, akalitazama gari kimya kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Dereva mmoja mgeni aliwahi kudhani anakagua kama namba ya gari ni ya wizi. "Uso wa gari huoshwa," mzee husema. "Kalitazame nyuma ndiyo utajua limeamkaje."

Aliajiriwa kwa wiki tatu tu, akiwa mchomeleaji, aje atengeneze geti. Geti lile mpaka leo halifungi vizuri, na nashuku ndiyo sababu alihamishiwa kwenye magari haraka. Enzi hizo pikapu zetu zilivuta trela za jenereta na pampu huku zimekaa nyuma chini, pua juu, kama mbwa anayesubiri mfupa. Taa za mbele zilimulika matawi ya miti. Dawa ya madereva ilikuwa kusokomeza kipande cha mbao kati ya ekseli na chesisi. Siku moja Bwana Mkia alichomoa kipande kilichochongwa kwa ustadi wa ajabu, kikatambuliwa kuwa ni mguu wa meza ya chumba cha mikutano.

Akaanza kuongeza bapa za springi, mbili kila upande, na shokapu ngumu zaidi. Trela zikavutika. Shida ikawa pikapu ikirudi tupu: iliruka kama mbuzi. Katibu muhtasi alishuka siku moja kashika kiuno kwa mkono mmoja na wigi kwa mwingine, akaapa kwamba safari ijayo atatembea kwa miguu. Mimi niligonga paa mara nne katika safari moja, na wapo wasemao athari zake bado zinaonekana.

Hapo ndipo alipotuletea mito ya hewa, ile mifuko ya mpira inayokaa juu ya ekseli. Trela ikifungwa unaijaza, trela ikifunguliwa unaipunguza, na katibu muhtasi anabaki na wigi lake. Bapa alizoongeza akazipunguza hadi moja kila upande. Kazi hiyo peke yake ingemtosha mtu kutembea kifua mbele. Yeye alitembea na futi ya kupimia.

Maana sheria yake ilikuwa moja. Kabla trela haijafungwa, anapima kutoka kwenye tairi hadi kwenye madgadi, mbele na nyuma, anaandika daftarini na kutia sahihi. Trela ikishafungwa, anapima tena. Mbele pakiinuka kuzidi upana wa kidole, hakuna safari: mzigo unapangwa upya juu ya trela mpaka uache kuikandamiza pikapu nyuma. Hewa inajazwa baada ya hapo, kamwe si kabla. "Mito huinua mkia," hufundisha. "Uzito uliokimbia magurudumu ya mbele haurudishwi kwa pampu." Madereva walilalamika wee. "Mzee, tunachelewa!" Naye, bila kuinua kichwa: "Kwani kaburini kuna foleni?"

Sasa ile barua.

Miaka kumi na miwili iliyopita, pikapu yetu iliyovuta jenereta ilishindwa kukata kona kwenye mteremko, ikaenda moja kwa moja mtaroni. Dereva aliteguka mkono. Kamati ya uchunguzi ilifungua daftari, ikaona vipimo viko sawa na sahihi ni ya Bwana Mkia, ikaamua kwamba mito yake ndiyo mibovu. Akapewa onyo. Cheo cha msimamizi wa karakana, ambacho kila mtu alijua ni chake, nikapewa mimi. Nimekuwa nikiisimulia ajali hiyo kwenye chai kama mkosi wa barabara yenye utelezi, na ninaisimulia vizuri.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile Bwana Mkia alipima, akakuta mbele pameinuka vidole vitatu. Akaniagiza jenereta isogezwe nyuma kidogo juu ya trela, nipime, niandike, ndipo nijaze hewa. Yeye akakimbia hospitali, kwa sababu shemeji alikuwa akijifungua kitinda mimba wao. Kusogeza jenereta kulitaka watu wanne, na manyunyu yalikuwa yanaanza. Nikachukua pampu. Nilijaza hewa mpaka mkia ukapanda na pua ikashuka, nikapima, nikakuta mambo mazuri, nikaandika chini ya sahihi yake. Kwa macho pikapu ilikuwa imenyooka kama rula. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanagusa barabara kwa heshima tu, na kwenye kona yenye maji dereva alizungusha usukani usiokuwa na kazi.

Kamati iliponiuliza, nilisema nilifuata maagizo. Nilikuwa na hofu ya kufukuzwa. Baadaye nilikuwa na cheo, na hofu ikawa kubwa zaidi.

Jumatatu wiki hii nilimpelekea mkurugenzi maelezo haya kwa maandishi, pamoja na daftari lile. Barua ya onyo imetolewa kwenye jalada, na cheti atakabidhiwa Ijumaa kwenye hafla. Barua yangu ya onyo imeshaandikwa, niliipokea jana, na ina maneno makali yanayonistahili.

Kisha nikamfuata Bwana Mkia. Alikuwa chini ya pikapu, nikaona miguu tu, na nakiri ilinirahisishia. Nilimwambia yote. Akaweka spana chini. Kisha: "Nilijua siku ileile. Nilipima hewa ya ile mito walipoivuta pikapu hadi hapa, nikakuta imejazwa kupita kiasi. Nilikuwa nangoja useme wewe." Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Dereva umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa hata nimemfikiria. Dereva yule hajavuta trela tangu siku hiyo. Aliomba ahamishiwe kwenye basi la wafanyakazi, na miaka yote kumi na miwili ameamini kwamba alikosea breki. Bwana Mkia akatoka chini ya gari, akafuta mikono, akanisindikiza hadi maegesho ya basi, akasimama kando nikisema mwenyewe. Dereva alinitazama, akamtazama mzee, kisha akaniambia maneno ambayo mhariri wa jarida hili ameyafuta. Alipomaliza alikaa kwenye ngazi ya basi, akaficha uso kwa kofia. Bwana Mkia alikaa pembeni yake. Mimi niliachwa nimesimama, nao hawakunikaribisha.

Kaka mkubwa, asante kwa springi zote, na kwa subira ambayo sikuistahili. Wewe na shemeji, na huyo kitinda mimba aliyezaliwa siku ya uongo wangu, tunawaombea afya, utulivu na siku nyingi za furaha. Dereva ameniagiza niandike kwamba Ijumaa atakufuata nyumbani mwenyewe akulete kwenye hafla. Mimi nije kwa miguu.