Mama Msasa, Aliyeifanya Bei Yetu Iwe ya Kweli

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Mama Msasa atavua aproni yake na kustaafu rasmi baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kamati ya maandalizi ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake kwa ajili ya programu hii. Wenye akili walisema wana kazi nyingi. Nikabaki mimi, mpanga bei, ambaye humu ndani huitwa Bwana Bei, na ambaye kwa miaka kumi na tisa nimesababisha nusu ya mvi za mstaafu wetu. Nusu nyingine ni za umri.

Kwa wageni wetu wa leo, tunatengeneza mandolini za umeme. Mandolini ni kama mdogo wake gitaa, fupi, ya sauti nyembamba, na hizi zetu huunganishwa na spika. Tunazichonga moja moja kwa mkono. Bei yake humfanya mtu avue miwani, aifute, kisha aisome upya.

Mama Msasa alifika hapa akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea kwenye karakana ya vitanda. Hakuajiriwa kutengeneza mandolini. Aliajiriwa kutengeneza makasha ya kuzibebea. Jina lake la utani alilipata wiki ya kwanza, kwa sababu kila alichokigusa kikamkwaruza kidole, mkono wa pili ulikuwa tayari mfukoni kutafuta msasa. Alisugua milango, akasugua meza ya mhasibu, na siku moja akasugua fimbo ya mwanzilishi wetu huku mzee mwenyewe akiwa bado ameiegemea na anaongea.

Wakati huo mandolini zetu zilikuwa na uwazi ndani, kama zote za zamani. Wapigaji walizibandikia kipaza sauti kwa utepe, na ukumbi ukijaa watu na spika zikifunguliwa, chombo kilipiga yowe kama birika lililosahaulika jikoni. Siku moja mteja alirudisha yake kwa hasira. Mafundi wakabishana mbele yake kuhusu nyaya, kuhusu spika, kuhusu masikio ya mteja. Kutoka pembe ya makasha ikasikika sauti: "Tatizo ni tumbo. Liko wazi, linameza sauti ya spika na kuitapika tena. Zibeni tumbo."

Hakuna aliyegeuka. Wiki tatu baadaye akaja na mandolini aliyoichonga kwa kipande kimoja cha mbao ya mkangazi, kizima, bila uwazi wowote, na chini ya nyuzi akaweka sumaku aliyoizungushia waya wa redio mbovu ya nyumbani kwake. Mteja yule yule aliitwa. Akafungua spika hadi mwisho, akapiga, na kilichotoka kilikuwa muziki mtupu. Mwanzilishi aliuliza nani kabuni kitu hiki. Mafundi wote wakatazama viatu vyao. "Fundi wa makasha," mmoja akasema hatimaye, na jioni hiyo hiyo meza yake ikahamishiwa katikati ya karakana, ilipo hadi leo.

Mimi niliingia miaka kumi na miwili baadaye, na shahada yangu ya biashara ndani ya bahasha, nikiamini kwamba kila kitu duniani kina fomula. Nilimkuta anamalizia mandolini aliyokuwa ameihangaikia miaka minne, ile tunayoiita Nyepesi. Alikuwa ameichonga shingo yake mara tisa na kuipima kwenye mizani ya jikoni hadi ilipokuwa nyepesi kuliko mfuko wa sukari wa kilo mbili. Kilichobaki ni upande wa nyuma, unaoegemea mwili wa mpigaji. Alihitaji mtu wa kukaa nayo mapajani saa nzima bila kufanya chochote. Ofisi nzima ilikubaliana kwamba mtu wa namna hiyo ameajiriwa juzi.

Nikakaa. Kila baada ya dakika kumi alikuja na chaki, akachora mahali chombo kilipogusa kitambi changu, akaenda kupunguza, akarudi. Wateja wa nchi nyingi leo wanasifu jinsi Nyepesi inavyokaa mwilini. Kwenye katalogi niliandika kwamba ni "umbo lililotokana na utafiti wa muda mrefu." Utafiti huo ulikuwa tumbo langu, na ni kweli ilichukua muda mrefu kuliandaa.

Kisha nikaambiwa nipange bei. Nilijumlisha mbao, waya, vanishi, saa za kazi, pango na umeme, nikaongeza faida kidogo ya kistaarabu, nikapata bei ya baiskeli nzuri. Mama Msasa aliipitia karatasi yangu kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Mwanangu," alisema, "umehesabu kila kitu isipokuwa ile miaka minne."

Nikamweleza kwa upole kwamba soko halifanyi kazi hivyo. Nyepesi ikakaa dirishani miezi minane. Watu waliingia, wakaishika, wakasoma bei, wakauliza kama ni ya watoto.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani, na bosi wetu yuko hapa leo, kwa hiyo naomba mwenye maji ya kunywa ampelekee. Mwezi wa tisa nilimwaga chai ya sukari kwenye kibodi. Nikaifuta, nikaandika upya bei ya Nyepesi kwenye orodha, nikaipeleka kwa wateja wote. Sikujua kwamba kitufe cha sufuri kilikuwa kimeshikana. Nyepesi ilitoka kwangu ikiwa na sufuri moja ya ziada, yaani ilitoka kwenye bei ya baiskeli ikafika kwenye bei ya pikipiki mpya ya kifahari.

Niligundua siku ya nne, mtu alipopiga simu. Nilijiandaa kuomba radhi. Yeye akauliza kwa wasiwasi kama foleni imeshakuwa ndefu. Ndani ya wiki hiyo ile ya dirishani ikaondoka na mbili zaidi zikaagizwa. Bosi alipotaka kujua nimefanyaje, nikafungua mdomo kusema kweli, na yakatoka maneno "mkakati wa kuiweka bidhaa mahali pake." Mwaka huo nilitangazwa mfanyakazi bora. Cheti kilikuwa na picha yangu nikitabasamu kama mtu aliyekuwa na mpango.

Mama Msasa hakudanganyika hata dakika moja, kwa kuwa ndiye aliyenipa kitambaa cha kufutia ile chai. Alinifuata ofisini, akafunga mlango, akakaa.

"Hiyo sufuri ni chai," akasema.

"Ni chai, mama."

"Nenda ukamwambie bosi."

Sikwenda. Nilimwambia kwamba wateja wamefurahi, kampuni imefurahi, nami pia sijambo. Alinitazama bila kukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi umeniongezea kazi," akasema. "Huyo mtu atalipa bei ya pikipiki. Lazima nihakikishe anapata kitu cha bei hiyo."

Aliyasimamisha maagizo yale mawili kwa wiki sita. Alizungushia sumaku waya mwembamba kuliko unywele, akaufumua, akauzungusha upya, mara tatu. Aliyakataa mapipa mawili ya vanishi. Alitupa shingo moja ambayo mimi, kwa macho yangu ya shahada, sikuona kasoro yake, akanishika kidole akakipitisha juu ya mbao taratibu hadi nilipoihisi: kibonde kidogo kuliko punje ya mchanga. Tangu siku hiyo kila Nyepesi imepitia mikono yake namna hiyo. Bei niliiweka mimi kwa kumwaga chai. Aliyeifanya iwe ya kweli ni yeye, na ilimchukua miaka.

Mngetarajia kwamba nilijifunza. Miaka saba iliyopita mauzo yalishuka, na Mama Msasa akachukua likizo ya wiki sita kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Nikaona nafasi. Nikamshawishi bosi tununue sumaku zilizozungushiwa waya tayari kiwandani, za bei ya kutupa, tuziweke chini ya kifuniko kile kile kinachong'aa. Nani angejua? Mandolini kumi na nne zikatoka.

Siku aliyorudi alichukua ya kumi na tano, iliyokuwa inasubiri kusafirishwa, akaiunganisha na spika, hakugusa uzi. Akasikiliza ukimya wake. Ukimya huo ulikuwa unanguruma.

"Hii friji," akauliza, "nani kaipaka vanishi nzuri hivi?"

Bosi alitaka kunifukuza siku ile ile, na nisingekuwa na la kujitetea. Nilikuwa stoo, nimekaa juu ya mzigo wa makasha, nalia kama mtu mzima asiyetaka kusikika. Kupitia ukuta nilimsikia Mama Msasa akimwambia bosi: "Huyu abaki. Tukimfukuza, tumbo la kupimia tutalitoa wapi?" Bosi akacheka bila kutaka. Mtu akishacheka, kufukuza kunakuwa kugumu. Kisha Mama Msasa akaja stoo na sharti lake. Zote kumi na nne zirudi, na nitakayekwenda kuzichukua, mlango kwa mlango, ni mimi, na nieleze mwenyewe nilichofanya.

Nilikwenda. Wengine walinifokea, na mmoja alinifungulia mbwa, ambaye kwa bahati alikuwa mvivu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mpigaji mrefu wa bendi ya hoteli, mwanamume wa makamo. Nilipomaliza kueleza alikaa chini polepole. Akaniambia amekwenda kwa daktari wa masikio mara mbili. Alikuwa anasikia mngurumo kila anapopiga, na kwa kuwa chombo kilikuwa cha bei ile, hakuwahi kukishuku. Alishuku masikio yake. Alikuwa ameanza kuwaaga wenzake kwenye bendi.

"Kumbe nasikia vizuri," akasema, akanishika mkono kunishukuru. Mimi, niliyemfanyia hivyo, nikashukuriwa.

Nilimsimulia Mama Msasa. Aliweka patasi chini. "Ndiyo maana ya bei, Bwana Bei. Mtu akikuamini kiasi hicho, anaacha kujiamini mwenyewe." Akaokota patasi, akaendelea. Ilimchukua miezi minne kuzirekebisha zote. Ya mpigaji wa hoteli aliitengeneza ya kwanza.

Tukiacha makosa yangu, ambayo nafasi haiyatoshi, mstaafu wetu ameacha Nyepesi mia sita na kumi na moja, mafundi watano aliowafundisha kuhisi kibonde kisichoonekana, na karakana ambamo hakuna ukingo wa meza unaoweza kukuchana.

Wiki sita zilizopita kamati ilimwomba apige nyimbo mbili tatu kwenye sherehe hii. Akasema hajui kupiga. Tulidhani anatania. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akigusa uzi mmoja mmoja, akisikiliza, na kumpa mwingine apige wimbo.

"Mbona hukuwahi kusema, mama?" nikauliza.

"Mbona hukuwahi kuuliza?"

Jumamosi iliyofuata alijiandikisha kwa mwalimu mmoja mstaafu anayefundisha muziki sebuleni kwake. Anasema vidole vinamuuma, na kwamba mtu aliyebuni chombo kile hakuwafikiria wanaoanza.

Mama Msasa, asante kwa kazi yako, na asante kwa kutufundisha aibu bila kutuaibisha. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na siku ndefu zisizo na haraka. Kaa vizuri huko uendako.

Wageni wapendwa, msisimame bado. Wasifu huu ukimalizika kusomwa, mstaafu atapiga wimbo mmoja wa dakika mbili, wa kwanza maishani mwake. Mimi nimekabidhiwa kitufe cha sauti cha spika, na nimekatazwa kugusa kitu kingine chochote. Akikosea, ataanza upya. Tuna muda.