Imeishaje? Maisha ya Bwana Giza, Mwonyesha Filamu za Kutisha

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa. Nimepewa kazi ya kuwasomea wasifu huu kwa sababu wenzangu wote wamesema hawataweza. Sijui nani aliwaambia mimi nitaweza. Nikisoma mbiombio mniwie radhi, na hata marehemu hakujua kutulia kitini. Jina lake la kwenye kitambulisho alisema ni la polisi na hospitali tu. Sisi tumwite Bwana Giza, kama alivyoitwa na mji mzima, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akizima taa.

Bwana Giza alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa baba fundi viatu na mama mshonaji. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na korido ndefu, na choo kilikuwa mwisho wa hiyo korido. Mama alikuwa akisimulia kwamba kila aliyekwenda chooni jioni alimkuta kaka nyuma ya mlango, amejifunika gunia. Alichapwa, akaomba msamaha, kesho yake akahamia nyuma ya mlango mwingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na sekondari mwaka 1964. Walimu walisema ana akili, ila anakaa kama aliyekalia mwiba. Baba alipougua, kaka aliacha masomo kidato cha pili, akaajiriwa kubeba mikanda ya filamu kwa baiskeli. Mji ulikuwa na kumbi mbili za sinema na nakala moja tu ya filamu. Sehemu ya kwanza ikimalizika ukumbi wa juu, inakimbizwa ukumbi wa chini, kisha ya pili, vivyo hivyo mpaka mwisho. Ukichelewa, watu wa chini wanapiga viti.

Huko ndiko alikofanya kosa lililomjengea jina. Ilikuwa Jumamosi moja ya Agosti 1967. Filamu ilikuwa ya zimwi lenye manyoya linalotoka kwenye jumba la mawe. Mimi nililiona baadaye, lilikuwa mtu aliyevaa zulia. Kaka alikuwa amechelewa, akabeba sehemu mbili za mwisho kwa pamoja, akaanguka kwenye kona, makopo ya mikanda yakabiringika. Aliyaokota hivyo hivyo, la mwisho likatangulia, na kuyapeleka ukumbi wa chini. Basi watu wakaona zimwi linapigwa risasi, linazikwa, wanakijiji wanakwenda zao. Kisha wakaliona tena, linatembea koridoni kama kawaida. Hakuna aliyecheka. Watu wazima walipandisha miguu juu ya viti.

Mwenye ukumbi huo alimfukuza kazi palepale. Jumatatu akamwita arudi, maana foleni ilifika barabarani, watu wanataka "ile ya zimwi lisilokufa". Miaka ya themanini, filamu zilipoanza kuleta muuaji mwenye kisu anayeuawa na kuinuka tena, sehemu ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, kaka alikuwa akisema, "Wameniibia hao. Mimi nilianza kwa baiskeli."

Kuanzia mwaka 1970 alikuwa mwendesha mashine wa ukumbi ule mpaka ulipofungwa mwaka 1991. Hakutazama filamu, alitazama watu kupitia kidirisha chake. Alikuwa na desturi yake moja. Filamu ikiwa inakaribia kuisha, kabla ya maneno ya mwisho, aliwasha taa ndogo ya mlangoni, ili asiwepo mtu wa kutoka gizani na woga wake. Mwenye ukumbi alilalamikia umeme. Kaka alimjibu kwamba kumtisha mtu ni kazi, kumwacha hapo ni ukatili.

Ukumbi ulipokufa alifungua duka la kukodisha kanda za video, baadaye diski. Zile filamu za kamera inayotikisika, kama imeshikwa na mtu anayekimbia, zilipoingia, wateja walirudisha diski wakidai ni mbovu, naye akawaambia, "Si mbovu, ni woga umekuja na miguu yake." Alifunga duka mwaka 2015, simu zilipommaliza, akawa anatazama kwenye simu ya mjukuu. Nilimuuliza siku moja kama kuna jipya. Akaniambia, "Zamani zimwi lilikaa mbali, unalipa tiketi, unalitazama, unaliacha hukohuko. Halafu likawa jirani. Halafu likawa mtoto wa mwenye nyumba. Hizi za siku hizi limekaa mezani, linakula na familia, na kila mtu anajifanya halioni. Hakuna hata tone la damu, na chai yangu imepoa."

Nimeruka ndoa. Tarehe 6 Desemba 1975 alimwoa muuza tiketi wa ukumbi uleule, wifi yangu huyu aliyekaa mbele. Wakajaliwa binti, ambaye ni nesi, na kijana, ambaye ni fundi simu. Wifi hakuwahi kumaliza filamu hata moja ya kutisha. Mwisho ukikaribia hutoka nje, husimama penye kidirisha chake cha tiketi. Kaka akishuka, swali ni lilelile: "Imeishaje?" Naye hujibu, "Wamepona wote." Hata kama wamekufa wote pamoja na mbwa. Wifi alijua ni uongo, na alilala vizuri kwa uongo huo.

Juni 2022 kaka alianza kukohoa na kupungua. Oktoba daktari alituita pembeni, akatuambia ni saratani ya mapafu na imeshaenea. Tulikubaliana asiambiwe. Wifi ndiye aliyeshikilia zaidi. Ikawa milango inafungwa, akiingia sebuleni tunazungumzia mvua. Na mtu yule aliyekula mkate kwa woga wa wenzake akaanza kuogopa. Hakulala. Alikagua makomeo, akahamisha kiti atazame mlango, akakirudisha, akakihamisha tena. Siku moja akanishika mkono. "Mdogo wangu, mnanionyesha filamu mbaya. Watu wananong'ona, milango inafungwa, na kitu chenyewe hakitokei. Nitakufa kwa kusubiri."

Nilimfikishia wifi maneno hayo. Akaenda kwa mumewe, akamtengenezea mto, akamwambia, "Utapona tu."

Kaka alimtazama. "Hiyo ni yangu," akasema. "Wamepona wote. Nimekupa miaka yote hiyo, leo unanirudishia."

Wifi alilia. Kisha akafungua kabati, akatoa bahasha ya picha za eksirei. Kaka alizishika pembeni kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akishika mkanda, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha mpaka akalipata doa. Alilitazama sana. "Kumbe ni wewe," akaliambia. Halafu akatugeukia, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Tangu siku hiyo alilala usingizi. Sisi ndio tukawa hatulali.

Bwana Giza alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 73. Sote tulitoka chumbani mmoja mmoja, huyu simu, yule maji, mimi eti miguu inaniuma. Wifi hakutoka. Yeye ambaye hakuwahi kuona mwisho wa kitu, aliuona huo. Alipofungua mlango nilikuwa koridoni nimeegemea ukuta, na mdomo wangu ukauliza wenyewe, "Imeishaje, wifi?"

Akanishika bega. "Hajapona," akasema. "Lakini hakuogopa. Aliniomba niwashe taa, mchana kweupe. Nikawasha."

Marehemu ameacha mke, binti na kijana, mkwe mmoja wa kike, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia wateja wengi ambao hadi leo hawapiti korido bila kugeuka nyuma.

Kaka yetu Bwana Giza apumzike kwa amani, na huko aliko akute ameshawashiwa taa ya mlangoni.