Emna Sfar, Aliyehesabu Mechi kwa Mwezi Mwandamo

Ndugu, majirani na marafiki mliojaa ua huu wa Chedly tangu alfajiri, familia imemtwika mjomba mtu, ndiye huyu anayewasomea, kazi ya kusoma maisha ya mpendwa wetu kabla jeneza halijanyanyuliwa, naye anaomba mmvumilie.

Emna Sfar alizaliwa tarehe 9 Novemba 1996 hapa Mahdia, kifungua mimba wa Chedly, mfumaji wa hariri za maharusi, na mkewe Beya, akasoma shule zote mjini hapa, akaenda Tunis kusomea takwimu, akahitimu mwaka 2018, na siku aliyorudi na shahada yake akatangaza kwamba ataandika habari za mpira. Baba yake akaguna, "Mwanangu, miaka yote hiyo ya hesabu ni ya kuhesabu magoli?" naye akamjibu kwamba magoli kila mtu anayahesabu, yeye anataka yale yasiyohesabiwa na mtu.

Na kweli, tangu aajiriwe na gazeti la mkoa, Februari 2019, kila mechi ya timu yetu aliitazama uwanjani, kisha akairudia kwenye kompyuta, akiandika nani kakimbia wapi na pasi ipi imepotea, kazi ambayo kwa wenzetu matajiri hufanywa na kampuni nzima, hata sisi mabingwa wa kubishana kwa kelele tukajikuta tunampigia simu kwanza. Tarehe 20 Agosti 2022 aliolewa na Skander, fundi umeme, wakajaliwa binti, Sarra, Oktoba 2023.

Aprili 2024 mnaikumbuka. Nidhal Chaouch, kiungo wetu, alicheza tarehe 3 kama mtu aliyefungwa miguu, tukapigwa nne bila, na watu wakakumbuka kwamba kila mwaka ana mechi moja ya namna hiyo, mwanzo wa Mei 2021, mwisho wa Aprili 2022, katikati ya Aprili 2023. Klabu ikatoa majedwali yake, tarehe hazifanani, sababu haionekani, basi kauza. Lango la mama yake likaandikwa MUUZA MECHI kwa rangi nyekundu, kamati ikapanga kikao cha kumvunjia mkataba na kumshtaki, naye kila akiulizwa anasema tu, "Mungu anajua."

Emna alikumbuka kwamba mechi zote nne alifuturu tende palepale jukwaani, akaiacha kalenda ya ofisini, akazipanga upya kwa mwezi mwandamo, na zote zikaangukia kumi la mwisho la Ramadhani, ilhali siku ishirini za mwanzo, akiwa amefunga vilevile, Nidhal alikimbia kama kawaida yake. Basi haikuwa njaa. Akamwendea, akamwuliza usiku huwa anafanya nini, na kijana wa watu, uso chini, akamwambia maneno ambayo leo asubuhi mwenyewe ameruhusu yasomwe, "Dada Emna, nasimama na Mola wangu mpaka alfajiri, hata mama hajui. Ukiandika hilo umeigeuza ibada yangu tangazo. Bora waseme nimeuza."

Fikirini mzigo huo, ukweli wa kumwokoa mtu uko mkononi mwako na mwenyewe anakusihi usiutoe! Emna akampa ahadi, akatengeneza jedwali, akampelekea kwanza alione, na Nidhal akalisoma mpaka chini akasema, "Hapa hujasema kitu," akamruhusu. Asubuhi ya kikao likatoka gazetini, mbio zake za miaka minne, kando ya kila tarehe imewekwa ya Kiislamu, bila sentensi hata moja. Mhariri wake, Bi Rafika, alikuwa amemfokea, "Maelezo yako wapi, wewe?" naye akamwambia, "Mji huu unajua kuusoma mwezi."

Mkahawani, Hedi kinyozi ndiye aliyeruka na gazeti, "Jamani, hili si kumi la mwisho? Sasa huyu mtu analala saa ngapi?" Kabla ya adhuhuri walioandika lile lango walikuwa wanalipaka chokaa, mmoja wao analia, na kamati ikafunga shauri bila kumwuliza Nidhal neno. Mjomba mtu ana miaka sitini na minane na hajaona jambo kama lile, na hadi leo likimjia mwili unamsisimka.

Januari mwaka huu madaktari waligundua saratani ya damu, akatibiwa Tunis, akarudi nyumbani, akafariki leo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi alfajiri, mkono wake umo mkononi mwa mama yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, mashabiki wa timu yetu na wa mahasimu wetu waliopanga foleni kumtolea damu, majirani mliopokezana kumlea Sarra na kutuletea kuskusi bila kuombwa, na Bi Rafika na wenzake wa gazetini, hatuna cha kuwalipa ila dua.

Liko moja limeongezwa sasa hivi. Nidhal amemvuta mjomba mtu pembeni, akasema, "Mjomba, soma na hili. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho lote, nilisimama kwa ajili yake tu. Siri ilikuwa yangu, naitoa mwenyewe." Limesomwa, mwanangu. Emna, pumzika kwa amani, Mola akulaze pema. Nidhal, njoo ushike mbele, twende.