Kizibo Namba Ishirini na Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kutembeza watu kwenye magofu asubuhi na kwenye maporomoko ya maji mchana, kiongozi wetu wa safari, tunayemwita Mzee Vizibo, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Meneja ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Amenichagua mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimekuwa dereva wake kwa miaka kumi na tisa. Ya pili, mimi ndiye niliyemwacha msituni Jumamosi iliyopita, na meneja anaona ni vyema nijieleze mwenyewe kwa maandishi.

Nitajieleza, ila tuanze na kazi.

Mzee Vizibo hakuajiriwa kuwa kiongozi wa safari. Aliajiriwa kukata tiketi dirishani. Asubuhi moja kiongozi wa wakati huo alipotelewa na sauti, watu wameshakaa kwenye siti na injini inanguruma, akaombwa ashike nafasi kwa siku hiyo moja tu. Siku hiyo moja ndiyo inayoisha Ijumaa.

Kuhusu magofu, sina budi kusema ukweli: mwanzoni alikuwa anabuni. Kile chumba kidogo chenye dirisha jembamba, upande wa kushoto ukishapita lango, alikitangaza kwa miaka mingi kuwa hazina ya mfalme. Wakija maharusi, kinakuwa chumba cha malkia. Wakija wanafunzi watundu, kinakuwa jela. Kisha akaja mtaalamu wa mambo ya kale, akapiga magoti pale siku tatu na brashi yake, akatoa taarifa kwamba kilikuwa choo. Sisi tulidhani Mzee ataona aibu. Wapi! Jumanne iliyofuata alikitambulisha kama choo, lakini kwa heshima na taadhima kubwa mno, hata wanaume wawili wakavua kofia. Toka siku hiyo hajabuni tena, na huyo mtaalamu akija mjini hupita ofisini kumsalimia.

Maelezo yake aliyajua kwa mpangilio, kama mtu anavyojua njia ya kwenda nyumbani kwake. Magofu kwanza, maji baadaye. Mwaka mmoja barabara ya magofu ilifunikwa na tope, tukalazimika kuanza na msitu. Mzee akasimama mbele ya maporomoko, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti yake ya asubuhi kwamba ukuta huu ulijengwa na mafundi stadi bila saruji, kwamba sehemu kubwa imeshaanguka, na kwamba tunaomba msiuegemee. Maji yalikuwa yanamwagika nyuma yake kwa kelele. Abiria wote waliitikia kwa vichwa, na bibi mmoja aliandika kwenye daftari. Tulipofika magofuni alasiri, akawaambia wavue viatu maana mawe yanateleza, nao wakavua.

Sasa niwaeleze vizibo, kwa sababu bila vizibo hamtaelewa kosa langu.

Katika mwezi wake wa kwanza Mzee alikuwa anahesabu watu kwa mdomo. Jioni moja alirudi mjini na abiria mmoja wa ziada. Waliondoka ishirini na watano, wakarudi ishirini na sita. Ikagundulika kwamba bwana mmoja wa makamo aliyelala fofofo siti ya nyuma hakuwa wetu. Alikuwa wa basi la watu wengine, alitoka msituni amechoka, akapanda basi la kwanza aliloliona. Basi lake lilikuwa limeshaondoka bila yeye. Wakasubiri naye ofisini hadi jua likazama, na hakuna aliyekuja kumuulizia wala aliyepiga simu. Mzee anasema uso wa yule bwana alipoelewa kwamba hakuna anayemtafuta ulimkaa moyoni. Akaapa kwamba kwenye safari zake hataachwa mtu.

Ndipo akaanzisha utaratibu wake. Kila abiria akipanda asubuhi anapewa kizibo cha soda kilichopakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba. Akishuka, anashuka nacho. Akirudi, anakidondosha kwenye kopo la maziwa ya unga. Basi letu lina siti ishirini na nane, na vizibo ni ishirini na vinane. Vikitimia, Mzee analitikisa kopo mara tatu, ananikabidhi nilitundike karibu na usukani, anafunga mlango wa mbele kwa nje, anazunguka na kupandia mlango wa nyuma, ambako kuna kiti chake cha kukunja. Hapo husinzia hadi darajani, akaamka na kuwaambia abiria kwamba yeye na daraja hilo wamezaliwa mwaka mmoja, ila mwenzake ameshakarabatiwa. Kisha husinzia tena. Mimi nikisikia kopo nahesabu hadi kumi, naondoa gari. Yeye mwenyewe hakuwa na kizibo. Jambo hilo tuliliangalia miaka yote na hakuna aliyeliona.

Sheria yake haikuwa na mchezo. Siku moja tumbili alimpokonya kizibo abiria namba kumi na saba na kupanda nacho mtini. Abiria mwenyewe alikuwa amekaa kwenye siti yake, mzima wa afya, akilalamika kwamba yupo. Mzee akamjibu kwa upole kwamba anamwona, lakini kopo halimwoni. Tulikaa pale saa nzima na nusu tukimbembeleza tumbili kwa yai la kuchemsha. Mwishowe namba kumi na saba aliandika barua fupi: "Mimi, abiria namba kumi na saba, nathibitisha kwamba nipo." Akaweka sahihi na tarehe, barua ikaingia koponi, tukaondoka. Barua hiyo bado ipo kwenye faili ofisini, na meneja huitumia kuwatisha wafanyakazi wapya.

Kwa hesabu ya daftari lake, Mzee ameongoza safari zaidi ya elfu nne, na kweli hajamwacha mtu. Amewafundisha kazi viongozi watano, wote wanaongea kama yeye, hata kile kikohozi chake kabla ya kutaja choo. Mtu pekee aliyepata tabu na kazi hii ni mkewe, ambaye sote tunamwita Mama. Miaka thelathini na mmoja aliahidiwa kupelekwa kuona maporomoko. Mara nne alishavaa viatu kabisa, na mara zote nne akatokea mteja wa dakika ya mwisho, Mzee akampa siti ya mkewe. Mama akawa anavua viatu na kurudi jikoni. Safari hii meneja aliingilia kati. Kwenye safari ya mwisho, siti namba moja iliandikwa jina la Mama kwa kalamu isiyofutika.

Meneja alifanya na jambo lingine. Aliagiza kwa fundi seremala ubao mzuri wa kuning'iniza ukutani, uliochongwa maneno haya: MIAKA THELATHINI NA MMOJA, HAKUNA ALIYEACHWA. Ubao ulikuwa tayari Ijumaa. Ilibaki safari moja tu.

Jumamosi ilikwenda vizuri mno. Magofuni Mama alicheka hadi akashika ukuta. Msituni alishuka ngazi zote mia mbili na kumi na nne bila kushikwa mkono, na alipoyaona maji alinyamaza kimya, jambo ambalo Mzee anasema hajawahi kulishuhudia. Saa tisa na nusu watu wakaanza kupanda. Vizibo vikadondoka kimoja kimoja. Mzee akatikisa kopo mara tatu, akanikabidhi, akafunga mlango wa mbele. Nikahesabu hadi kumi, kama nilivyohesabu miaka kumi na tisa, nikaondoa gari.

Darajani nilingoja utani wa daraja. Haukuja. Nikapunguza mwendo nikidhani amepitiwa sana na usingizi. Nikauliza nyuma, wa nyuma wakasema leo si yupo mbele na mkewe. Nikauliza mbele, wa mbele wakasema siku zote si anakaa nyuma. Nikamgeukia Mama, aliyekuwa anamenya yai kwa utulivu, nikamuuliza kama hajaona kwamba mumewe hayupo.

"Mimi Jumamosi nimeshazoea hayupo," akasema. "Nimeona kawaida tu."

Sijui niligeuzaje basi kwenye barabara ile nyembamba. Najua tu kwamba jasho lilinitoka hadi kwenye vifundo vya vidole. Nilikuwa nimelitia doa jina la mtu kwa siku moja iliyobaki, na ubao ulishachongwa. Tulipofika, nilishuka ngazi mbili mbili huku abiria wote ishirini na wanane wakinifuata, Mama akiwa wa kwanza nyuma yangu, na mabaki ya yai mkononi.

Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, suruali imekunjwa hadi magotini, soksi zimepangwa ndani ya viatu, miguu ndani ya maji. Alipotuona alisema neno moja tu, "Mmerudi," na macho yake yakalengwa na machozi. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akacheka, kile kicheko chake cha mabega, na sote tukacheka kwa sababu tuliogopa kulia.

Baadaye alinieleza. Miaka yote hiyo alisimama pale akiyapa maji mgongo na watu uso, maana kazi yake ilikuwa kuhesabu. Watu walitazama maporomoko, yeye alitazama watu. Akataka ayaone mara moja bila kuwa na mtu wa kuhesabu. Alidhani ni dakika chache tu, akasahau kwamba mimi nikisikia kopo nahesabu hadi kumi. Akiwa ngazini akasikia injini, akapuliza filimbi, lakini maji yana kelele kuliko filimbi. Akaniambia kwamba kwa robo saa ya kwanza alijishauri kwamba tutarudi, na kwamba robo saa ya pili alimkumbuka yule bwana wa makamo aliyelala siti ya nyuma. Nilimwomba msamaha hapo hapo, nikiwa nimeloa viatu. Naomba tena hapa, mbele ya wafanyakazi wote.

Hakuna aliyetaka kuondoka tena haraka. Mama alivua viatu, safari hii si kwa kurudi jikoni, akakaa kando ya mumewe na kutia miguu majini. Walikaa hivyo nusu saa nzima. Mzee hakumhesabu mtu. Tulipopanda, abiria wakagoma basi lisiondoke: kopo lina vizibo ishirini na vinane na watu ni zaidi. Abiria namba saba, ambaye asubuhi alikuwa amesimuliwa kisa cha tumbili, akatoa kalamu. Mzee akaandika kwa mwandiko wake wa dirishani: "Mimi, kiongozi wa safari, nathibitisha kwamba nipo." Mama akadai atie sahihi kama shahidi.

Lakini Jumatatu mambo yaliharibika. Mzee alikuja na Mama kurudisha filimbi na funguo, akauona ubao ukutani, akakataa kuupokea. Alisema hawezi kutundika uongo sebuleni kwake. Kuna mtu aliachwa. Meneja akamweleza kwamba kanuni inahusu abiria, yeye ni mfanyakazi. Mzee akasema mtu ni mtu. Mimi nikajitolea kwamba lawama ni yangu, kwa hiyo rekodi yake ni safi. Akasema safari ilikuwa yake. Meneja akaanza kuulizia kama seremala anaweza kubandua herufi. Tulikuwa wanne kwenye chumba cha mbele cha ofisi, tunautazama ubao kana kwamba ni maiti, na Mzee alikuwa na uzito usoni ambao sijawahi kuuona. Nilielewa kwamba anaondoka kazini na jambo lile moja alilolilinda maisha yake yote akiliona limevunjika.

Mama ndiye aliyemaliza kesi. Aliweka mkoba wake juu ya meza, akasema, "Baba, hebu sikiliza. Yule bwana wako wa siti ya nyuma aliachwa, kwa sababu hakuna aliyerudi. Wewe ulirudiwa, na watu ishirini na wanane pamoja na dereva anayehema kama mbwa. Hukuachwa. Ulisubirishwa tu. Na mambo ya kusubirishwa niulize mimi, nina miaka thelathini na mmoja kazini."

Mzee akauchukua ubao, akaupangusa kwa mkono wa shati, akauliza kama kuna karatasi ya kuufungia.

Mzee wetu, umetufundisha kwamba gari haliondoki mpaka mtu wa mwisho awe ndani, na sisi tukakusahau wewe uliyetufundisha. Tunakushukuru kwa sauti yako, kwa choo chako kitukufu, kwa daraja lako ambalo halijachekesha hata mara moja na ambalo tutalikosa sana. Tunakutakia mapumziko marefu, afya tele, na Jumamosi nyingi ukiwa nyumbani, Mama atakapokuzoea.

Ila si Jumamosi hii. Jumamosi hii siti namba moja na namba mbili ni zenu, na hakuna mteja wa dakika ya mwisho atakayezigusa. Na mnapokuja kupanda, usichukue kizibo namba mbili. Nimekupakia rangi chako mwenyewe, kizibo namba ishirini na tisa, chekundu, kimekauka tangu jana. Toka sasa hicho ni sehemu ya kopo, iwe umo kwenye safari au umelala kwako, na nisipokisikia kikigonga bati nitakuja mlangoni kwenu kukuulizia.